Zambarau na Mpangilio wa Kamba

Vidole vyake ndivyo vilivyompa jina. Kule maabara walipulizia karatasi dawa iliyokuwa ikigeuza protini kuwa na rangi ya zambarau, na ngozi ya binadamu, kama hukujua, nayo ni protini. Ukisahau glavu mara moja unatembea na ncha za vidole zilizoiva kama mtu aliyefumaniwa juu ya mti wa jirani, na hakuna sabuni wala limau litakalokuokoa mpaka ngozi yenyewe ijivue. Yeye alisahau glavu kila mara. Alidai zinamnyima kuhisi kioo. Basi wakamwita Zambarau, kwanza wenzake kazini, halafu mtaa mzima, na mwisho mdogo wake wa kiume, ambaye alimwita hivyo pale tu alipotaka kumchokoza. Siku nyingine zote alikuwa Dada.

Alikuwa fundi sanifu wa maabara, na hakupenda mtu ampandishe cheo kwa mdomo. "Mwanasayansi ni yule anayepata wazo akiwa bafuni," alikuwa akisema. "Mimi nikioga, naoga." Lakini subira alikuwa nayo, subira ya kutisha, na kazi yake ilitaka subira kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi yenyewe ilikuwa moja tu, na ilimlia ujana wote: kujua mpangilio wa amino asidi katika protini moja ya misuli. Mtu asishtuke na maneno. Protini ni mnyororo, na pingili zake ndizo hizo amino asidi. Aina zake ni nyingi kama vidole vyako vya mikono na miguu, basi, lakini zikipangwa hivi unapata unywele, zikipangwa vile unapata kitu kinachokuwezesha kuinua kikombe. Siku hizi mashine inasoma jeni na mtu anakunywa chai akingoja jibu. Enzi za Zambarau pingili zilikatwa kwa mkono, moja moja, kuanzia kichwani: unaweka dawa ishike pingili ya kwanza peke yake, unaikata, unaiangalia chini ya taa maalum uijue ni nani, kisha unarudi kwa inayofuata. Ukizembea hatua moja, zote zinazofuata ni uongo. Na kimiminiko cha kuyeyushia kilinuka kama samaki aliyesahauliwa kabatini, kiasi kwamba Zambarau alipopanga foleni ya mkate jioni hakuna aliyemsukuma.

Aliishi na mdogo wake huyo katika vyumba viwili. Wazazi walikuwa wameshatangulia. Chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara, kilikuwa karakana ya saa, maana kijana alikuwa fundi saa, tena fundi kweli, si wale wa kufungua na kubakiwa na skrubu mezani. Watu walimwita Bosi kwa sababu yeye alikaa na wao ndio waliosimama. Jina hilo alijipa mwenyewe, kabla watu hawajampa jingine baya zaidi. Tangu alipobalehe misuli yake ilikuwa ikimkimbia. Ilianza kiunoni. Akawa anainuka kitini kwa kujipanda mwenyewe, mikono ikisukuma magoti, halafu mapaja, mpaka afike juu, na akifika anapiga saluti kana kwamba amepanda mlima. Baadaye mabega nayo yakalegea, akawa anafanya kazi viwiko vikiwa juu ya meza. Vidole tu ndivyo vilivyobaki na heshima yao. Daktari alisema misuli inakufa polepole, kwamba chanzo hakijulikani na dawa hakuna, kisha akawatakia siku njema.

Kwa hiyo Zambarau aliposikia kuna nafasi kwenye maabara inayochunguza misuli, alikwenda mbio, na akaipata.

Mkuu wa maabara alikuwa Profesa mmoja mpole mwenye koti lililotobolewa na asidi. Walikuwa wakifanyia kazi protini ndefu, nyembamba, iliyojisokota, ambayo wao wenyewe waliita Kamba. Katika siku zake za mwanzo Zambarau alimuuliza, "Profesa, kwa nini hii na si nyingine?"

"Kwa sababu inavumilia jiko," alijibu Profesa. "Ukichemsha mchuzi wa nyama, protini nyingine zote zinaganda kama yai. Hii inabaki imeyeyuka, wala haina habari. Unachuja, unaipata safi. Tungechagua nyingine tungezeeka tukisafisha."

"Na ugonjwa wa misuli kufa, unatokana na hii?"

Profesa alimtazama, akaona ni swali la kawaida la mgeni. "Sijui, bibie. Hakuna anayejua. Inawezekana ndiyo, inawezekana Kamba haina hatia kabisa."

Jibu lile lilikuwa safi, halina kona. Zambarau alilibeba kwenda nalo nyumbani, na njiani, haijulikani ni mtaa gani, neno "inawezekana" likamdondoka. Alimkuta Bosi ameinamia saa, lenzi jichoni.

"Nasikia mnasoma misuli," Bosi alisema bila kuinua kichwa.

"Tunasoma protini moja ya misuli. Tukijua mpangilio wake, tutajua panapokosewa."

"Ndiyo hii inayonitoroka mimi?"

"Ndiyo," alisema Zambarau.

Bosi alivua lenzi. Uso wake ulivyong'aa, dada mtu hakuwa na roho ya kurudi nyuma kuokota neno alilodondosha. Angeokota kesho. Na kesho ilipofika, yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini.

Mwanzo ulikuwa balaa. Asubuhi alikwenda machinjioni kuchukua nyama ya ng'ombe ingali na joto, akaisaga, akaisafisha, akaichemsha, akaizungusha kwenye mashine mpaka takataka zikalala chini na Kamba ikabaki juu. Hapo sawa. Lakini alipotaka kukata pingili ya kwanza, dawa haikushika. Akarudia. Akabadilisha dawa, akabadilisha vyombo, akajilaumu, akalaumu maji. Aliambulia patupu kwa miezi. Kumbe Kamba ilizaliwa na kofia: kichwa chake kimezibwa kwa asili, hakuna pa kushika. Ikabidi waikatekate vipande kwanza, kila kipande kisomwe peke yake, halafu ndipo waanze kutafuta kipi kilikuwa kabla ya kipi. Na hilo nalo ni kizaazaa, kwa sababu vipande havina namba mgongoni. Unaukata mnyororo ule ule upya kwa dawa nyingine inayouma mahali pengine, ili vipande vya mara ya pili vivuke maungio ya vile vya kwanza. Pasipovukwa, hujui kitu.

Kila jioni Bosi aliuliza, "Leo umepata nani?" Dada mtu akamtajia. Lisini. Alanini. Glutamati, kisha glutamati tena. Bosi aliyakariri majina yote, akawa anayaimba huku anafunga skrubu za saa. Wateja wake nao akawagawia majina. Bwana mmoja alimwita Prolini, kwa kuwa Dada alimwambia prolini ndiyo inayopinda mnyororo, na bwana yule hakuwa na habari iliyonyooka. Vyumba vile viwili vilikuwa na kicheko miaka ile, lazima isemwe. Zambarau alipopanda ngazi na mkoba wake unaonuka samaki, alijua kuna mtu anamngoja kwa hamu, na hamu ile ilimtia nguvu, tena kupita kiasi.

Mlango wa tatu kutoka kwao palikuwa na studio ya mpiga picha, mwanamke mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia. Saa yake iliharibika kuliko saa yoyote duniani. Leo mkanda, kesho kioo, keshokutwa inachelewa; na alikaa kuingoja wakati angeweza kuiacha. Bosi naye aliirekebisha taratibu ajabu, yeye aliyekuwa na sifa ya kumaliza kazi kabla mteja hajafunga mwamvuli. Mtaa mzima uling'amua kabla yao.

Zambarau alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi siku mpiga picha alipochoka kuzunguka mbuyu.

"Wewe utanioa au nitafute fundi saa mwingine?"

"Ngoja Dada amalize," Bosi alisema. "Amefika mbali. Nataka siku hiyo nikupokee nikiwa nimesimama."

"Mimi napiga picha watu waliokaa kila siku ya Mungu. Hakuna picha iliyokataa kutoka kwa sababu mtu amekaa."

"Najua. Lakini ngoja."

Nguo iliyokuwa mezani iliungua ukosi. Zambarau alipaswa kutoka pale, aseme mbele yao wote wawili kwamba hana hakika, kwamba hajawahi kuwa na hakika, waoane kesho. Alibaki ameshika pasi. Alijiambia si mambo ya kuingilia, yeye ni dada tu.

Mpiga picha aliwapa nafasi. Aliwapa tena. Kisha siku moja alimfuata Zambarau kazini, akapita mlango wenye maandishi ya kukataza wageni, akamkuta ameinamia vichupa vyake mbele ya kabati la kuvuta moshi.

"Wifi," alisema, maana alikuwa ameshajigawia undugu, "mimi sikusoma haya. Nitazame uniambie. Hiyo tiba inakuja kweli, au mnapiga simu isiyopokelewa?"

"Pamebaki pengo moja," alijibu Zambarau. "Vipande viwili tu ambavyo hatujui vinaungana vipi."

"Sikukuuliza pengo. Nauliza mdogo wako. Mkishaziba hilo pengo, atasimama?"

Zambarau aligeukia vichupa. "Tutajua panapokosewa," alisema.

"Na mimi nimwambie nini? Maana simhitaji asimame. Nikimwambia, ananijibu kwamba wewe umesema. Sema basi wewe. Mwambie tuoane hivi hivi, yeye anakusikiliza."

"Mpe muda kidogo. Imebaki kidogo."

Mpiga picha alivuta pumzi, akaaga kwa adabu. Kidogo kile kilikuwa kirefu. Pengo liligoma. Kila dawa ya kukatia iliuma kabla ya pale au baada ya pale, kamwe si pale penyewe. Wakati wanahangaika nalo, bwana mmoja mwenye duka la vitambaa alimposa mpiga picha, naye akakubali. Alikwenda mwenyewe kumwambia Bosi, hakutuma mtu. Bosi alimpa hongera, tena kwa maneno mazuri. Halafu alishinda mezani kutwa nzima, na dada mtu aliporudi alimkuta anafungua saa moja na kuifunga, anaifungua na kuifunga, saa ambayo haikuwa na ubovu wowote. Jioni ile hakuuliza amepatikana nani.

Pengo lilizibika baadaye. Profesa alipata dawa nyingine ya kukatia, Zambarau akakata, na kipande kimoja kirembo kikavuka ungio lote. Mnyororo ukasomeka kuanzia kwenye kofia hadi mkiani. Maabara walipiga makofi, wakanywa soda kwenye vikombe vya kupimia. Zambarau alilia, na wenzake wakadhani ni furaha.

Ndipo alipopiga moyo konde akamwambia Profesa habari za mdogo wake, jambo alilolificha miaka yote akiogopa kuonekana amekuja kazini na ajenda yake mfukoni. Profesa alisikiliza, akaandika barua hospitali, na hospitali wakakata kipande kidogo cha paja la Bosi, kama punje ya harage. Bosi alikwenda akitania wauguzi kwamba awapimie na maini, kama buchani.

Zambarau aliisafisha Kamba ya mdogo wake. Iliyokusanyika chini ya kichupa ilikuwa kidogo, ya kuhurumia, lakini ilitosha. Hakuhitaji kuisoma pingili kwa pingili. Kulikuwa na njia ya kulinganisha, na kila fundi wa kazi ile aliijua: unakatakata protini mbili kwa dawa ile ile, unatonesha kila moja kwenye pembe ya karatasi yake kubwa, unavitawanya vipande kwa umeme upande huu na kwa kimiminiko upande ule, unakausha, unapulizia ile dawa. Madoa ya zambarau yanajitokeza, kila kipande mahali pake. Protini yenye kasoro, mara nyingi, doa lake moja linahama. Alichukua karatasi ya Kamba iliyotoka kwenye msuli wenye afya wa mtu mwingine, akaweka juu yake karatasi ya mdogo wake, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite.

Hakuna doa lililohama. Alitazama tena na tena. Kila moja lilikaa juu ya mwenzake.

Profesa alisimama nyuma yake. "Inaonekana si Kamba," alisema kwa upole. "Pole sana." Kisha, kwa udadisi wa kawaida wa mtu wa kazi ile, bila nia ya kuchoma, akauliza, "Lakini kwa nini hukulinganisha mwanzoni? Hii haihitaji mpangilio. Ungeniambia, tungeomba kipande hospitali mwaka ule ule ulipoanza kazi."

Zambarau alilijua jibu, na lilimuuma kiasi kwamba alishika ukingo wa meza. Njia ile ilikuwa mkate wake wa kila siku. Alikuwa ameifanya kwa ng'ombe, kwa sungura, kwa kuku. Kila mara alipotandaza karatasi alimfikiria mdogo wake, na kila mara aliahirisha, kwa sababu aliogopa jibu. Kusoma pingili moja moja kulikuwa na kesho ndani yake. Karatasi mbili dirishani hazina kesho. Alichagua njia ndefu kwa sababu ilikuwa ndefu, akamfanya mdogo wake aitembee naye, yeye asiyeweza kutembea.

Aliomba ruhusa akarudi nyumbani mchana. Bosi alikuwa dirishani, kwenye kiti cha magurudumu alichokizoea sasa.

"Si Kamba," alisema Zambarau kabla hajakaa. "Ya kwako ni nzima."

Bosi aliweka chini koleo yake ndogo. Akatikisa kichwa. "Haya. Angalau kuna kiungo kimoja changu kizima. Kipimo chenyewe kimechukua muda gani?"

"Wiki."

"Baada ya kumaliza kusoma yote."

Hapo Zambarau angeweza kunyamaza. Sentensi ilikuwa imeshajifunga yenyewe, na Bosi alikuwa tayari kurudi kwenye saa. Lakini dada mtu alikuwa amechoka kudondosha maneno njiani.

"Hapana, mdogo wangu. Hakikuhitaji kusoma yote. Kilihitaji kipande chako tu."

"Kwa hiyo kingefanyika..."

"Tangu mwanzo. Kabla hata hujaanza kuyakariri yale majina."

Zambarau alitamani Bosi apige kelele. Alitamani arushe saa, avunje kioo, amwite jina baya. Bosi alitazama barabara. Studio ya zamani ilikuwa sasa duka la viatu.

"Nisamehe," alisema Zambarau. "Niliogopa. Na nilipenda jinsi ulivyokuwa ukiningoja."

"Hata mimi nilipenda," alisema Bosi. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja dada mtu. Baada ya muda akaongeza, "Ila yeye asijue."

"Nani?"

"Unamjua ni nani. Anadhani alingoja kitu ambacho kisingeweza kuharakishwa. Mwache hivyo hivyo. Asije akajua ilikuwa wiki."

Zambarau aliahidi.

Siku ya kuitimiza ahadi haikukawia. Alikutana na mpiga picha nje ya benki, amenenepa kidogo, ana binti mkononi na mifuko miwili ya sokoni. Walisalimiana kwa kukumbatiana. Mpiga picha akamuuliza habari za Bosi, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mlimaliza?"

"Tulimaliza. Haikuwa yenyewe."

"Pole, wifi." Bado alimwita wifi. Alihamisha mfuko mkono mwingine. "Unajua, kuna siku nakaa nawaza kwamba ningeng'ang'ania tu. Ningehamia pale na masanduku yangu, angenifanya nini? Halafu najiambia hapana, lilikuwa jambo zito, ilibidi lifike mwisho wake ndiyo lijulikane. Msingeweza kujua mapema. Si ndiyo?"

Binti alikuwa akitazama vidole vya Zambarau kwa mshangao.

"Tusingeweza," alisema Zambarau.

Akampokea mwanamke yule mfuko mmoja, ule mzito, akamsindikiza hadi mlangoni kwake, kwa sababu hakuona kingine ambacho angeweza kumfanyia.